Vitabu Vilivyokatwa Masikio

Masalu hakuwa na sweta, na mtu ambaye hajawahi kulala Sumbawanga mwezi wa sita asidhani kwamba sweta ni pambo. Hakuwa na viatu vya ngozi. Alivaa katambuga za tairi, ambazo bondeni kwao, chini ya milima, ni viatu vya heshima lakini bwenini kwetu zilikuwa kichekesho. Hakuwa na sanduku la bati lenye kufuli. Vitu vyake, ambavyo havikuwa vingi, alivitia katika mfuko wa mbolea na kuufunga kwa kamba ya katani, kwa fundo ambalo hakuna mwingine aliyeweza kulifungua. Hakuwa na Kifipa hata cha kuombea maji ya kunywa. Hakuwa na shangazi mjini wa kumtembelea Jumapili, wala jina la utani, wakati bweni zima kila mmoja alikuwa na lake. Hakuwa na mtu wa kula naye. Na zaidi ya yote hakuwa na muda, kwa sababu baba yake alimpa mwaka mmoja tu.

Nayajua haya kwa sababu nilikuwa mtunza stoo wa shule ile, na jioni nilikuwa mwanafunzi hapohapo. Mchana nilitoa majembe, chaki na magunia ya maharage. Jua likianza kushuka niliingia darasani pamoja na watu wazima wenzangu, mafundi cherehani, wauguzi wasaidizi na askari mmoja wa magereza, tukasoma masomo ambayo utotoni yalitupita. Watu waliniita Baba Zita. Nilikuwa na watoto watatu nilipofanya mtihani wa kidato cha nne, na cheti changu kimo katika fremu ukutani hadi leo. Kwa hiyo nikizungumzia vitabu sizungumzii mambo ya kuambiwa.

Shule yenyewe ilijengwa na wazazi, nje kidogo ya mji, upande wa barabara ya Matai. Ilikuwa miaka ambayo watu waliiita ya ruksa. Nguo za mitumba zilijaa sokoni, redio za kaseti zilipigwa kwa vinyozi, na malori ya watu binafsi yalipanda na kushuka kutafuta mahindi ambayo zamani yalinunuliwa na ushirika. Mambo mengi yalifunguka, nami sikatai. Lakini kilichokuwa cha wote kilianza kuwa cha mwenye kukiwahi, na watu wakaanza kuona kurasa za vitabu vya shule zikifungia karanga sokoni. Mkuu wetu wa shule, Mwalimu Beda, mtu mwema aliyeogopa hasara, aliviokoa vyetu kwa kuvifungia kabatini. Vikakaa humo hadi vikanuka kama ghala la viazi.

Aliyevitoa ni Coleta, msichana mfupi wa kidato cha tatu mwenye sauti ya mwenyekiti wa kijiji. Alikwenda ofisini bila kuitwa.

"Vitabu vikishikwashikwa vinachakaa," Mwalimu Beda akamwambia.

"Na visiposhikwa vinaliwa na mchwa, Mwalimu. Afadhali tuvile sisi."

Mwalimu alicheka, na mkubwa akishacheka ni vigumu kukataa. Akatoa chumba cha mwisho katika jengo la ofisi kiwe maktaba, kwa sharti kwamba mtu mzima ashike ufunguo. Mtu mzima huyo nikawa mimi. Kazi nyingine zote, kupanga, kufuta vumbi, kuamua kitasomwa nini na nani atanyamazishwa, walizifanya vijana wenyewe. Mimi nilikaa mlangoni na hesabu zangu za jioni, nikijifanya sisikilizi.

Tatizo lilikuwa kwamba kila kitabu kilikuwa nakala moja. Coleta akalitatua kwa namna ya kwao. Wanawake wa Ufipa, wakati wa kufukia majani na kuinua matuta ya mviringo, hawalimi kila mtu peke yake. Leo wote wanakwenda shambani kwa fulani, kesho kwa mwenzake, na mwenye shamba ndiye anayewapikia. "Sisi pia tutalima kwa zamu," Coleta akatangaza. "Kila wiki mmoja ni mwenye shamba. Anachagua kitabu, analeta cha kutafuna. Waliobaki tunakisoma kwa sauti, kila mtu ukurasa wake kama tuta lake. Asiyelima haonji."

Masalu hakuja kwa ajili ya vitabu. Alikuja Mei, baridi ilipoanza, kwa sababu dirisha la chumba kile liliingiza jua la alasiri. Alikuja akaketi sakafuni chini ya dirisha, akafumba macho.

Fanueli, mtoto wa mfanyabiashara aliyehamia kutoka Mbeya, kijana asiyeweza kukaa na utani mdomoni, akamwona. "Mshikaji, hapa watu husoma. Hawajianiki kama mtama."

"Mwache ajianike," Coleta akasema. "Lakini anayejianika hapa analima." Akamwekea kitabu mapajani.

Masalu akasimama. Akasoma ukurasa wake kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia ndani ya nyumba, sauti ya mtu aliyezoea kuita ng'ombe ng'ambo ya mto. Vioo vilitetemeka. Watu wakacheka hadi wakashika mbavu. Alipotaka kuketi kwa aibu, msichana mmoja aliyekaa nyuma kabisa akapaza sauti: "Aendelee! Leo ndiyo mara ya kwanza nasikia hadithi inasema nini."

"Redio!" Fanueli akaita. "Tumepata redio isiyokula betri!"

Hivyo ndivyo Masalu alivyopata jina. Jioni ile nilimkuta anafagia chumba ingawa haikuwa zamu yake, na nilipomwita, "Redio, funga dirisha," aliitika kabla sijamaliza.

Zamu yake ya kuwa mwenye shamba ilipofika, alipitisha kidole kwenye migongo ya hadithi zote, akachomoa kitabu cha mwongozo wa magonjwa ya mifugo, ambacho sijui kilifikaje kwetu.

"Kupe?" Fanueli akalalamika. "Wiki nzima tunasoma kupe? Nyie Wasukuma, hata peponi mtauliza zizi liko wapi."

"Na nyie wa Mbeya mtauliza kama migomba inazaa," Masalu akajibu. Ndiyo mara ya kwanza kumsikia akirudisha.

"Msigombane mbele ya Mfipa," Coleta akasema, akichezea ule uvumi wa watu kwamba Wafipa hutuma radi. "Nitawatumia radi wote wawili, mchana kweupe."

Wakalima kupe. Na mimi nasema kweli, hakuna wiki watu walicheka na kujifunza kama ile, kwa maana kila sentensi ya kitabu Masalu aliijibu kana kwamba anabishana na jirani. "Hapa anasema ng'ombe mwenye homa hutengwa. Hajui. Ukimtenga peke yake anakufa kwa upweke kabla ya homa. Mtenge na ndama." Chakula alicholeta kilikuwa matobolwa, viazi vitamu vilivyochemshwa na kukaushwa, kutoka chini kabisa ya ule mfuko wa mbolea.

Fanueli akatafuna, akatafuna. "Hivi ni viazi au mbao za stoo ya Baba Zita?"

"Ukimeza utajua."

Wiki hiyo ndiyo iliyoleta jambo la kuazima. Coleta alitamani vitabu vitoke viende majumbani, lakini aliogopa visirudi. Masalu akawaeleza kwamba kwao mtu mwenye ng'ombe wengi hawaweki wote katika zizi moja, kwa sababu ugonjwa ukiingia anabaki na kamba mkononi. Huwaweka wengine kwa rafiki. Rafiki anakunywa maziwa na kutumia samadi, lakini ng'ombe si wake, na ndama akizaliwa humpelekea mwenyewe habari. Wala mtu aliyewekewa ng'ombe hahami kabla hajaagana na aliyemwamini.

"Maziwa ya kitabu ni nini?" Coleta akauliza.

"Kuwasomea wa nyumbani."

"Na ndama?"

Masalu akafikiri. "Urudi na kitu ambacho hakikuwamo. Swali. Au hadithi ya bibi yako."

Vitabu vikatoka. Sijui kama naweza kueleza furaha ya miezi ile. Kijana mmoja alirudisha kitabu cha wanyama pamoja na hadithi ya sungura aliyosimuliwa na babu yake katika Kifipa, akaitafsiri akiwa amesimama juu ya dawati. Mama wa Fanueli, aliyekuwa anauza dukani mchana kutwa, alituma swali la jiografia ambalo hata Mwalimu Beda alikwenda kulitafutia jibu. Likizo ya mwezi wa sita Masalu alikwenda na kitabu cha kupe bondeni kwao. Aliporudi alisema ameisomea familia nzima kila jioni, na mdogo wake Sayi, msichana ambaye hakuwahi kuingia darasani, amemtaka amfundishe herufi moja moja, akiziandika kwa kijiti kwenye vumbi la zizi.

Lakini bondeni mambo hayakuwa mazuri. Baba yake, Mzee Luhende, alihama na ng'ombe kutoka Shinyanga hadi Bonde la Ziwa Rukwa, chini ya ule ukuta wa milima unaoitwa Lyamba lya Mfipa, na katika boma lake Masalu ndiye peke yake aliyejua kusoma. Zamani hilo halikuwa shida. Sasa kila jambo lilikuja na karatasi. Wanunuzi wa mpunga walikuja na karatasi, kijiji kilituma karatasi. Mwezi wa nane ililetwa karatasi yenye muhuri bomani kwa Mzee Luhende. Hakuna aliyeweza kuisoma, na mwenyewe akaona ni imara, akaifungia tumbaku. Kumbe ilikuwa inamwita kwenye kikao cha kugawa malisho. Kikao kikafanyika bila yeye, na eneo alilokuwa akilishia likapewa wengine. Habari hiyo aliileta dereva wa lori, pamoja na neno la mzee: mwaka ukiisha, Masalu arudi. Nyumba haiwezi kukaa bila macho.

Masalu alinisimulia haya mlangoni pangu. Nikamwuliza, "Na wewe mwenyewe unataka nini?"

"Ungeniuliza Januari, nilipofika, ningeondoka kwa miguu," akasema. "Sasa hapana, Baba Zita."

Wakati huohuo mwizi akatukuta na sisi. Siku ya soko Coleta alinunua karanga, akafungua kifuko chake cha karatasi, akakuta ramani. Alikuja nayo mbio, machozi yanamtoka. "Tazameni! Amerika ya Kusini yote imefungiwa karanga!" Ilikuwa atlasi yetu. Tulipokagua rafu tukakuta na vitabu vingine havipo.

 Jumamosi, wengine walipokwenda kufua, Masalu aliniomba ufunguo akapange vitabu. Nilimpa. Alikuwa na wembe mpya mfukoni. Hadi jua linakwenda magharibi alikuwa ameshika kitabu kimoja baada ya kingine na kukata ncha ya juu ya kila kimoja, jalada pamoja na kurasa, kwa umbo moja: mkato wa mshazari na pengo dogo chini yake. Kwao ng'ombe hukatwa sikio ili popote atakapokwenda ajulikane ni wa zizi gani. Aliponiita nione, uso wake ulikuwa umeng'aa. "Sasa hata vikifika Kipili, kule Ziwa Tanganyika, vitajulikana."

Jumatatu Mwalimu Beda aliingia, akachukua kitabu, kisha cha pili, kisha akaketi. Sijawahi kumwona mtu akizeeka haraka namna ile. Hakupiga kelele. Aliuliza nani amefanya, Masalu akanyoosha mkono bila kusita, na Mwalimu akasema kwamba katika miaka yake yote ya kazi ameona panya, mchwa na mvua, lakini hajaona mwanafunzi anayeharibu maktaba nzima kwa wembe. Ufunguo ukarudi ofisini. Chumba kikafungwa. Neno likatumwa kwa dereva wa lori kwamba mzazi wa Masalu aje.

Bwenini watu walilala na huzuni. Fanueli alikwenda kukaa kitandani kwa Masalu, ambacho kilikuwa karibu na mlango wenye upepo. "Redio, kwa nini hukutuuliza? Kwetu kitabu ni kitu cha kuchakaa polepole."

"Niliona mnalia. Kwetu mtu akiibiwa hangoji kuulizwa."

"Baba yako akija atafurahi. Ametafutiwa sababu ya kukuchukua."

"Najua," Masalu akasema.

Mzee Luhende alipanda na lori. Alikuwa mrefu, amevaa koti zito juu ya shuka nyeusi, fimbo mkononi, na nyuma yake Sayi amebeba kibuyu cha maziwa ya mgando. Sayi akapiga goti mbele ya kila mkubwa na kusema shikamoo kwa sauti ndogo. Kikao kilifanyika maktabani, na Coleta na Fanueli wakaruhusiwa kuingia kama viongozi wa chumba. Mwalimu Beda alitandaza vitabu mezani.

"Mzee wangu," akaanza, "mimi sina chuki na kijana wako. Lakini tazama mwenyewe."

Mzee Luhende hakutazama kwa macho tu. Alichukua kitabu kimoja, akapitisha kidole gumba kwenye mkato. Uso wake ukabadilika. Ghadhabu yake ilikuwa kubwa kuliko ya Mwalimu, lakini ilitoka upande mwingine kabisa.

"Masalu. Ng'ombe hawa ni wako?"

"Hapana, baba."

"Ni wangu?"

"Hapana, baba."

"Sasa nani alikutuma kukata masikio ya ng'ombe wa watu? Unajua anayetia alama yake kwenye zizi la mwenzake anaitwaje? Nimetembea na jina langu kutoka Shinyanga hadi huku, hakuna aliyewahi kuniita mwizi. Wewe umekuja kuliacha hapa!"

 Mwalimu Beda alikuwa ameita mzazi kwa sababu ya kurasa. Mzazi alikuwa analilia jina.

Masalu alikuwa ameinamisha kichwa. Akasema polepole, "Baba, shika tena. Si sikio letu."

Mzee akashika tena. Kidole kikateremka kwenye mshazari, kikafika kwenye lile pengo dogo, kikasimama. Akachukua kitabu cha pili, na cha tatu.

"Ni kweli. Letu halina pengo. Hili ni la nani?"

"La hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa. La hawa." Masalu akaonyesha kwa kidevu, kwa heshima, upande wa Coleta na Fanueli. "Zizi hili halikuwa na alama, baba. Nililitafutia."

 Mimi si mtu wa machozi. Lakini nilijua, na Mzee Luhende alijua zaidi yangu, kwamba mfugaji anayepita njia haachi alama mpya katika nchi ya watu. Alama hutungwa na mtu anayetaka kukaa.

Fanueli hakuweza kungoja zaidi. "Mwalimu, naomba kusema. Tangu vikatwe hakuna kilichopotea."

"Chumba nimekifunga, kitapoteaje?"

"Vilivyokuwa nje, Mwalimu. Vimeanza kurudi. Mama yangu amesikia sokoni. Akina mama wa karanga hawavitaki tena. Wanasema, vitabu vya shule ile vimetiwa alama na Msukuma, hata ambacho hakijakatwa ni cha zizi lilelile, na viko Sumbawanga. Dawa ya Msukuma ikikutana na ya Mfipa, wewe fungia karanga uone! Jana kimoja kimeachwa getini, mtu amekitupa akakimbia."

Coleta alijaribu kuzuia kicheko akashindwa. Mwalimu Beda, ambaye ni Mfipa mtupu na utani huo ameusikia tangu azaliwe, alifunika uso kwa mikono, na tulidhani bado amekasirika, hadi tulipoona mabega yanatikisika.

"Kwa hiyo sifa mbaya ya watu wawili ndiyo mlinzi wa maktaba yangu," akasema alipopata pumzi. Kisha akajikaza. "Hata hivyo umeharibu, Masalu. Ungeuliza. Kila jalada lililolegea utalishona upya, nami nitakaa hapa nione. Baada ya hapo, kwa upande wangu, unabaki."

Kwa upande wake. Wote tukamgeukia Mzee Luhende.

Coleta akapiga goti, jambo ambalo sikumwona akilifanya mbele ya mtu mwingine. "Baba, shikamoo. Masalu ametufundisha desturi yenu. Vitabu hivi tumemwekea. Aliyewekewa ng'ombe hahami kabla hajaagana na aliyemwamini. Sisi hatujaagana naye."

Mzee alimtazama sana. "Huyu ni mtoto wa nani?" akauliza. "Ananifunga kwa kamba yangu mwenyewe." Lakini hakucheka. "Mwanangu, nimekusikia. Sasa na mimi nisikie. Malisho yangu yamekwenda kwa karatasi iliyokuwa mfukoni mwangu. Mimi sina haja ya mtoto wa kunisaidia kuchunga, ninao. Nahitaji macho. Mtanipa macho?"

Sayi, ambaye muda wote alikuwa amesimama kando ya meza, alivuta kitabu cha kupe. Akaweka kidole chini ya mstari, akasoma kwa sauti ya kukwaruza, neno kwa neno, namna ya kumkinga ndama na homa.

Masalu alinyanyua uso. Baba yao aligeuka taratibu.

"Hicho amekikariri," akasema. "Kaka yake alikisoma bomani hadi mbwa wakakijua. Hata mimi naweza kusema hayo."

Ilikuwa kweli, na Sayi mwenyewe hakubisha. Alisema tu, "Kisichosomwa kwetu sijapewa, baba."

Mzee Luhende akaegemea fimbo yake. Naikumbuka sauti yake kama jana. "Basi fanyeni hivi. Tukirudi, andikeni barua. Msimpe mtu aisome njiani. Ikifika nitampa huyu, nami nitakaa nasikiliza. Akiisoma bila kwenda kwa mwenyekiti wala kwa mtu mwingine, nitakuwa na macho nyumbani, na Masalu atabaki na zizi lake hili. Akishindwa, mvua ya kwanza nakuja."

Waliondoka siku iliyofuata. Mwalimu Beda alinirudishia ufunguo.

Alasiri tuliyoandika barua ile, chumba kilijaa hadi madirishani. Masalu alikuwa mwenye shamba, na wote walikuja kulima. Coleta alishika kalamu.

"Maneno mafupi," akasema. "Baba, mama, ng'ombe, salamu. Atayaweza yote."

"Hapana," Masalu akasema.

"Redio, ni wewe utakayeondoka akishindwa."

"Karatasi ya kikao haikuandikwa kwa maneno mafupi. Baba akisikia mepesi atajua ni mepesi. Na mwakani ikija ngumu, watapoteza hata pa kulala."

"Mshikaji, unajichimbia kaburi kwa kalamu," Fanueli akasema, lakini kwa upole.

"Ni dada yangu. Namjua."

Wakabishana, nikawaacha wabishane. Mwisho wakakubaliana kwa namna ambayo nadhani haikuwahi kutokea katika barua yoyote. Masalu alisema kwamba bondeni karatasi huja kwa miandiko tofauti, na Sayi anaujua wake tu. Basi kila mmoja akaandika sentensi yake. Coleta aliandika kwa herufi za mviringo kama matuta. Fanueli alileta mwandiko wake wa kuku aliyekanyaga wino, akamwambia Sayi kwamba matobolwa ya kwao bado yamo kati ya meno yake. Yule msichana wa nyuma kabisa aliuliza ndama wa mwaka huu ni wangapi. Mimi niliandika kwa mwandiko wa masomo ya jioni, ulionyooka, ambao ninauonea fahari: nilimwambia kwamba nilianza kusoma vizuri nikiwa na ndevu, kwa hiyo yeye amewahi. Mwalimu Beda alipita, akasoma karatasi yote akiwa amesimama. Hakusahihisha kitu. Aliomba kalamu akaandika chini, kwa lugha kavu ya ofisi: Unaarifiwa kwamba uwepo wa kaka yako katika maktaba ya shule hii unahitajika.

"Hiyo ndiyo ngumu kuliko zote," Coleta akanong'ona.

"Ndiyo," Masalu akasema, "hiyo ataisoma mara mbili."

Nafasi iliyobaki ilikuwa yake. Alikaa nayo muda mrefu. Kisha akaandika kwamba, ili tujue imesomwa, lori likirudi lilete kengele ya yule dume mwekundu anayetangulia kundi, tuitumie kuita watu kusoma. Nilijua thamani ya kengele ile, maana alishanisimulia: mzee hakuwahi kuivua shingoni mwa dume yule hata siku ya harusi. Mtu asingeweza kuileta kwa kubahatisha.

Barua ikakunjwa. Bahasha ilikuwa ya zamani na gundi yake imekauka, kwa hiyo Fanueli akakimbia jikoni akaleta kipande cha ugali wa moto. Masalu akaupaka ukingoni kwa kidole, akabonyeza, akaketi juu yake kidogo ili ishike, watu wakamcheka, naye akacheka. Juu yake akaandika jina la Sayi peke yake, wala si la baba.

Tulikwenda sokoni wote, kundi zima, hadi lilipoegeshwa lori la kwenda Mtowisa, kule bondeni, likipakia chumvi na mitumba. Utingo alitaka kujua kuna mgeni gani wa serikali anasindikizwa.

"Ni barua," Masalu akamwambia. "Mkononi mwa Sayi, binti Luhende. Si mwa mtu mwingine."

Utingo akaitazama, akaipima, akaisukuma ndani kabisa ya shati lake, karibu na ngozi, akarukia nyuma ya lori lililokuwa tayari linatembea.